Rafu Nne za Wimbo Mmoja

Studio ya baba yangu ilikuwa mjini Kericho, juu ya duka la mbolea, vyumba viwili tu. Cha mbele kilikuwa cha kupiga picha za kitambulisho na za familia. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, ambamo Baba alisafishia picha kwa miaka mingi, mpaka picha za rangi zilipoenea na filamu zikawa zinapelekwa Nakuru. Katikati ya miaka ya tisini akanunua kamera ya video na deki mbili kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, akang'oa mabeseni ya dawa, akaweka meza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na kazi. Akaniambia, "Mama, hiyo meza ni yako." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, kama watu wetu wanavyofanya. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa. Mimi nilizaliwa Kericho na sikuwa na kwetu kwingine.

Kuhariri video wakati huo ilikuwa kazi ya vidole na subira. Deki ya kwanza inacheza kanda uliyopiga shambani au harusini, deki ya pili inarekodi. Unatafuta picha unayoitaka, unairudisha nyuma kidogo, unabonyeza, unaomba Mungu. Deki yetu ya kurekodi ilichelewa kidogo kabla ya kushika, kiasi cha mtu kusema "haya", kwa hivyo nilijifunza kubonyeza kabla ya wakati. Ukishapanga picha thelathini halafu mtu aseme hapendi ya tano, huwezi kuichomoa na kuacha nyingine. Unarudia kutoka ya tano hadi mwisho. Ndiyo maana kabla ya kazi kamili tulitengeneza ya kujaribu, na tuliiita rafu, kama vile shuleni ulivyoandika insha rafu kwanza kabla ya kuinakili vizuri.

Kwaya moja ya kanisa kutoka Boito ilikuja kwetu ikitaka video ya wimbo wao. Waliokuja ni watu wawili. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa pia mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye kalamu mfukoni hata siku ya Jumamosi. Na mwenyekiti wa kwaya, mama wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkulima wa majani chai na ng'ombe wachache, aliyekaa kwenye kiti chetu akiwa amenyooka kama aliyekuja kupigwa picha. Wimbo walikuwa wamesharekodi kwenye kaseti. Ulikuwa wa Kikipsigis, wa kushukuru kwa mvua, na ulianzwa na sauti ya msichana peke yake kabla ya wengine kumjibu.

"Huyu ni msichana wangu," Mama Mwenyekiti alisema, akinyoosha kidole kwenye kinasa sauti kilichokuwa kikiucheza wimbo. "Si wa kuzaa. Lakini hii sauti mimi ndiye nilimfundisha, tangu akiwa kidogo hivi."

Tulipiga picha shambani kwake Boito. Kwaya ilisimama katikati ya majani chai, wakiwa wamevaa majoho ya rangi ya damu ya mzee yenye kola nyeupe, Baba akishika kamera, mimi nikishika redio ya kaseti ili waimbe wakifuata sauti yao wenyewe. Saa nane betri zikaanza kuchoka na kaseti ikawa inajikokota, wimbo ukawa mzito, na waimbaji wakaufuata hivyo hivyo bila kujua. Saa tisa mvua ikaja kama ilivyozoea kuja, tukakimbilia nyumbani kwa Mama Mwenyekiti, tukanywa chai na mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, huku majoho yakining'inia kwenye moshi wa jikoni.

Yule msichana wa kuanzisha alikuwa na umri kama wangu, labda miaka ishirini na miwili. Alikuwa na uso ambao kamera haikutaka kuuacha. Kila mara Baba alipogeuza kamera kuonyesha wengine, niliiona ikimrudia yeye.

Nilitengeneza rafu ya kwanza kwa wiki mbili, na niliijenga juu ya uso wake. Anaimba, tunamwona. Wengine wanajibu, tunamwona akiwasikiliza. Pale betri zilipochoka, midomo na sauti havikupatana, nikaweka picha fupi fupi ili mtazamaji asipate muda wa kugundua. Nilijiona fundi. Nilikata kwa mdundo: ngoma ikilia, picha inabadilika.

Mwalimu na Mama Mwenyekiti walikuja kuitazama siku ya Jumatano asubuhi. Niliwasha runinga, nikasimama kando na mikono nyuma. Ilikwisha. Mwalimu ndiye aliyeanza, kwa upole.

"Hapa na hapa umekata neno katikati. Mtu anasema 'mvua', na kabla hajamaliza unaleta picha ya mwingine. Wewe Kikipsigis unasikia?"

"Cha sokoni, Mwalimu," nikasema. "Salamu na bei."

Akacheka kidogo. Mama Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa akiitazama skrini iliyokwisha kuzimika.

"Mtoe huyu msichana," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwangalia Mwalimu, naye akaangalia kalamu yake.

Ikawa hivi. Baada ya siku ile ya kupiga picha, msichana aliolewa Kedowa, kwa watu wa kanisa lingine. Kuolewa halikuwa kosa. Kuhamia kanisa la mume halikuwa kosa pia, wanawake wengi hufanya hivyo. Lakini siku ya arusi kwaya ya Boito haikuitwa kuimba. Iliimba kwaya ya kule. Mama Mwenyekiti, aliyemfundisha kushika sauti, alikaa benchi la nne kama mgeni mwingine yeyote, na gauni lake jipya, akasikiliza wageni wakimwimbia mtoto wake.

"Ametuacha, na sisi tumuache," alisema. "Hii video ni ya kwaya. Yeye si wa kwaya."

"Lakini Mama, wimbo ni yeye anauanza," nikasema.

"Sauti iache. Sura toa."

Basi nikaanza rafu ya pili. Ilinichukua siku tisa, maana umeme ulikuwa ukipotea kila mchana mvua ikinyesha, na kila ulipopotea katikati ya kurekodi, picha ile iliharibika nikairudia. Nilimtafuta msichana kwenye kila picha ili nimwepuke. Alipokuwa mbele, nilitumia picha ya nyuma. Alipokuwa katikati, nilitumia miguu ya waimbaji ikichezacheza kwenye matope. Pale anapoanza wimbo peke yake, nilikuwa na sekunde kama ishirini za sauti bila mdomo, nikazijaza na vitu: majani chai yakitikiswa na upepo, vikapu mgongoni mwa wachumaji, ng'ombe wa Mama Mwenyekiti akinywa maji. Kwa kuwa baadhi ya picha hizo nilizitoa kwenye rafu ya kwanza na si kwenye kanda ya mwanzo, rangi zilikuwa zimechoka. Wekundu wa majoho ulivuja ukaingia kwenye kijani cha majani.

Lazima nikiri kwamba niliona fahari. Kumficha mtu aliyekuwa kila mahali si kazi rahisi, na nilimficha vizuri. Nilimwita Baba aje aone. Alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama akiwa amesimama, mpaka mwisho.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Baba. Mbona?"

"Naona kama video ya matanga. Sauti iko, mwenyewe hayuko." Akanywa chai yake. "Rangi ya hapo katikati ni mbaya. Tumia kanda ya mwanzo."

Akarudi mbele kumpiga mteja picha. Mimi nikabaki na neno hilo. Niliitazama tena na sikuweza kuiona kwa macho niliyoiona nayo asubuhi. Kila ng'ombe aliyeinama kunywa maji alionekana kama anaomboleza.

Siku chache baadaye, kabla sijawapelekea watu wa Boito, mlango wa studio ulifunguliwa na msichana mwenyewe akaingia. Alikuwa amekuja mjini kununua kitambaa, na alikuwa na mfuko wa karatasi chini ya kwapa. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama mke wa mtu, lakini nilimjua mara moja. Nilikuwa nimeishi na uso wake karibu mwezi mzima. Yeye alinikumbuka kama yule wa redio.

"Nimesikia umenitoa," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeuliza kama duka limefungwa.

Nikamwambia ukweli: "Niliambiwa."

"Najua nani alikuambia. Naomba nione."

Sikuwa na ruhusa ya kumwonyesha, wala hakuna aliyenikataza. Nikamvutia kiti. Nikamwekea rafu ya pili. Sauti yake ilipoanza na ng'ombe akatokea, alicheka mpaka akafunika mdomo kwa mkono.

"Kumbe ni hii ng'ombe inaimba!"

Nami nikacheka. Lakini wimbo ulivyoendelea kicheko kilimwisha, na mwishoni alikuwa ameukumbatia mfuko wake wa kitambaa. Akaomba kuona ile ya kwanza. Nilimwekea nikiwa na hakika ataipenda. Msichana gani asingependa kujiona hivyo? Aliitazama yote, halafu akatikisa kichwa.

"Hii pia si sawa."

"Kwa nini? Uko hapo wewe."

"Niko mimi tu. Ni kama nilikuwa naimba shambani peke yangu na hawa wengine wakapita njia." Akafikiri kidogo, akitafuta namna ya kunieleza. "Huu wimbo, mimi nauliza tu. Nauliza, nani ametuletea hii mvua? Halafu wao wanajibu. Mimi nikiuliza na hakuna mtu anajibu, hiyo ni wimbo gani? Sasa wewe wakati wanajibu unaonyesha mimi nimenyamaza."

Alinieleza maneno yote, mstari kwa mstari, nami nikayaandika nyuma ya kalenda ya zamani: hapa neno linaanza, hapa linakwisha. Nilishangaa. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara mia mbili au zaidi, na sikuwa nimejua kwamba ni maswali na majibu.

Alipokuwa akiondoka nilimuuliza jambo ambalo halikunihusu. Nilimuuliza kwa nini kwaya haikuitwa.

Alisimama mlangoni. "Mambo ya arusi yalipangwa kule kwa mume wangu. Nilipouliza, niliambiwa waimbaji wameshapatikana. Nilikuwa mgeni, ningesema nini? Na kwenda kumwambia Mama, niliona aibu. Kila siku nikasema nitaenda kesho." Akaweka mfuko wake vizuri. "Sikuambii ndio uende kumwambia."

"Siendi kumwambia," nikasema, na sikumwambia.

Nilianza rafu ya tatu mchana huo huo. Safari hii sikugusa rafu zilizotangulia. Nilirudi kwenye kanda za mwanzo, zote tatu, nikazitazama bila kuharakisha mbele, na nikaona watu ambao sikuwa nimewaona. Mzee wa sauti nene ambaye kiatu chake kilinasa kwenye matope, naye akaendelea kuimba akisimama kwa mguu mmoja. Mama mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa akimfuta mwenzake tone la mvua shavuni bila kukosea wimbo. Na Mama Mwenyekiti. Baba alikuwa amempiga picha karibu, pengine kwa bahati tu, kamera ikiwa njiani kumrudia msichana. Sekunde kumi na moja. Alikuwa amefumba macho, kidevu kimeinuka, na midomo yake ilikuwa ikiyasema maneno ya msichana, yale ya swali, ambayo hakutakiwa kuyaimba. Alikuwa akimwanzishia kimya kimya, kama mwalimu anayemshikia mtoto kalamu.

Nikaweka hizo sekunde kumi na moja mwanzoni kabisa. Sauti ya msichana inauliza, na tunayemwona ni yule aliyemfundisha. Majibu yakija, tunawaona wanaojibu, mmoja mmoja, na hakuna neno lililokatwa. Msichana mwenyewe nilimweka mara moja tu, mwishoni, kwenye picha ya mbali inayoonyesha kwaya yote na shamba lote mpaka kwenye ukingo wa miti. Ungehitaji kumtafuta ili umwone.

Nilijua nimevunja amri. Nilimweleza Baba, nikitumaini atasema yeye ndiye atakayeipeleka. Hakusema hivyo.

"Ipeleke mwenyewe," alisema. "Na usimwachie Mwalimu aende nayo. Kaa hapo wakitazama. Wakikugombeza, wakugombeze ukiwa umekaa."

Jumamosi akanipeleka Boito kwa pikapu yake, deki ikiwa kwenye magoti yangu imefungwa kwa blanketi. Runinga ya Mama Mwenyekiti ilikuwa ndogo, ya kutumia betri ya gari, na deki yetu tuliiunganisha kwa jenereta ya jirani. Watu kumi na wawili wa kwaya walikuwa wameshafika, wengine wamekaa sakafuni. Mama Mwenyekiti alikaa mbele. Nilitaka kueleza kwanza, lakini Mwalimu alisema, "Tuone tu."

Wimbo ukaanza. Uso wa Mama Mwenyekiti ukajaa ile skrini ndogo, macho yamefumbwa, na sauti ya msichana ikiuliza nani ametuletea hii mvua. Jenereta ilikuwa ikinguruma nje. Halafu majibu yakaja na watu wakaanza kujiona. Mzee wa kiatu alipotokea, wote waliangua kicheko, naye akasema kile kiatu hakijawahi kupona. Mama wa tone la mvua aliona haya akajificha nyuma ya mwenzake. Mimi nilikuwa nikiangalia mgongo wa Mama Mwenyekiti, ulionyooka vile vile, sikuweza kusoma kitu.

Ikafika ile picha ya mbali. Ikakwisha.

"Mimi huimba nikifumba macho?" aliuliza, bila kugeuka.

"Kila Jumapili, Mama," mtu akajibu, na watu wakacheka tena.

"Na hapo naimba maneno ya nani?"

Wote walikuwa wameona. Mama Mwenyekiti akapangusa magoti yake kama yana unga, halafu akaniambia nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Aliitazama mara ya pili akiwa ameinama mbele, mpaka ile picha ya mwisho, na hapo akainuka, akaenda kwenye runinga, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu hapa ni yeye?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Kama hutaki, naweza kukatisha kabla ya hapo."

"Mbona amekaa mbali hivi?"

Nikainama kuitazama tena ile picha.

"Mtu mwenye huo wimbo, unamweka mbali kama chungu cha kuchotea maji! Huna nyingine ya karibu?"

"Ninayo, Mama. Ninazo nyingi."

"Basi weka. Si nyingi kama ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa ni arusi yake." Akasimama pale akifikiri. "Weka pale mwisho anauliza tena, kabla hatujajibu. Pale anatuangalia."

Nilijua sekunde anazozisema. Anamaliza swali la mwisho na kugeuza kichwa kuwatazama wengine, akiwasubiri. Nilikuwa nimezitumia kwenye rafu ya kwanza, ila nilizikata kabla hajageuka, kwa sababu mdundo ulikuwa umefika.

Mwalimu alishusha pumzi iliyosikika chumba kizima. Mtu akaleta chai.

Rafu ya nne ilinichukua siku mbili tu, kwa kuwa mabadiliko yalikuwa karibu na mwisho. Ndiyo iliyokuwa kazi kamili. Midomo na sauti bado havikupatana vizuri mahali pawili, pale betri zilipochoka, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitajia.

Mama Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuchukua kanda. Aliomba nakala moja zaidi, ya Kedowa, akasema ataipeleka kwa mkono kwa sababu kanda ikitumwa hufika imevunjika. Sikumuuliza kitu. Nilichojua baadaye ni kile alichonisimulia Mwalimu: kwamba alikwenda siku ya Alhamisi akisema atarudi jioni, mvua ya mawe ikamzuia, akalala huko siku mbili. Walizungumza nini, Mwalimu hakujua, na yeye si mtu wa kuuliza. Ila Jumapili iliyofuata Mama Mwenyekiti alifika kanisani na gunia dogo la viazi alivyopewa na mama mkwe wa yule msichana, akawagawia watu wa kwaya nje ya mlango, vinne vinne, akisema vya Kedowa huiva haraka na wasivichemshe sana.